Goli Moja la Dar es Salaam Halifiki Casablanca

Usiku wa Juni 3, 2023, Yanga walishinda mechi ya fainali ya Afrika mjini Algiers, mbele ya USM Alger na umati wao wote. Djuma Shabani alifunga kwa penalti mapema kabisa, mpira haujachangamka. Kipindi cha pili wenyeji nao wakapata penalti, kipa Djigui Diarra akaipangua. Dakika 90 zikaisha Yanga wakiwa mbele 1-0. Waliopanda jukwaani kubeba Kombe la Shirikisho ni USM Alger.

Kombe lilikuwa limepotea siku sita nyuma, Temeke. Mei 28, Uwanja wa Mkapa ukiwa umefurika, Aymen Mahious aliwatanguliza wageni kipindi cha kwanza. Fiston Mayele akasawazisha dakika ya 82, na uwanja mzima ukaamini kwamba la pili linakuja. Likaja kweli, dakika mbili baadaye, ila upande usiotakiwa: Islam Merili, 2-1. Siku hiyohiyo mtu mmoja alipoteza maisha na wengine 30 wakajeruhiwa katika msongamano wa kuingia uwanjani, jambo ambalo lilistahili kuzungumzwa kwa uzito kuliko lilivyozungumzwa. Kwa jumla ya mechi mbili matokeo yakawa 2-2, na magoli mawili ya ugenini yakawapa Waalgeria kombe.

Nimeirudia fainali ile mara nyingi kwa sababu imebeba historia yetu yote ya mtoano. Tunapotolewa Afrika, mazungumzo ya vijiweni huenda haraka kwenye mambo ya ugenini: fujo za mashabiki wa Kaskazini, miale ya leza machoni mwa kipa, mwamuzi, hoteli, safari ndefu. Mengi kati ya hayo ni ya kweli. Lakini ukizipanga mechi zenyewe mezani, moja baada ya nyingine, unaona kwamba tiketi zetu nyingi tumezipotezea nyumbani.

Tuzihesabu. Kuanzia robo fainali ya Simba na TP Mazembe mwaka 2019 hadi fainali ya Simba na RS Berkane Mei 2025, Simba na Yanga wamecheza ngazi 13 za mtoano kuanzia robo fainali kwenda juu, nikijumlisha na ile African Football League ya Oktoba 2023. Wamevuka nne, wametolewa tisa. Katika hizo tisa, mechi ya nyumbani tulishinda mara tatu tu. Nne tulitoka sare, mbili tukafungwa. Mtu aliyekariri usemi wa "Kwa Mkapa hatoki mtu" atashtuka kidogo. Usemi ule ulizaliwa kwenye hatua ya makundi, na huko una ushahidi wake: Al Ahly walilala 1-0 kwa goli la Meddie Kagere mwaka 2019, wakalala tena 1-0 kwa shuti la Luis Miquissone mwaka 2021, AS Vita wakafa 2-1 kwa goli la Clatous Chama la dakika za mwisho, CR Belouizdad wakapigwa 4-0 na Yanga Februari 2024. Mtoano una hesabu nyingine. Anayekuja Dar es Salaam kwenye makundi huja akifikiria pointi moja kati ya mechi sita. Anayekuja robo fainali anajua kwamba ana dakika nyingine 90 kwake, hivyo akifungwa moja anaondoka akiwa hajaumia sana, na akitoka bila kufungwa anapanda ndege akiwa ameshamaliza nusu ya kazi.

Hapa ndipo lilipo donda la muda mrefu, na ni la zamani kuliko wachezaji wote wa leo. Mwaka 1974 Simba walifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Waliwafunga Mehalla El Kubra ya Misri 1-0 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 kule, wakatolewa kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2014 Yanga waliwafunga Al Ahly, mabingwa watetezi, 1-0 kwa kichwa cha Nadir Haroub 'Cannavaro'. Wakaenda Misri, wakafungwa 1-0, wakatolewa kwa penalti. Mwaka 2022 Simba waliwafunga Orlando Pirates 1-0 kwa penalti ya Shomari Kapombe katika robo fainali ya Shirikisho. Marudiano Soweto: Kwame Peprah, 1-0, penalti, nje. Mwaka 2023 Simba waliwafunga Wydad, nao mabingwa watetezi, 1-0 kwa goli la Jean Baleke. Marudiano Casablanca: Bouly Sambou, 1-0, penalti, nje. Mfululizo huu umevunjwa mara moja tu, mwaka 2003, pale Simba walipoivua ubingwa Zamalek mjini Cairo baada ya matokeo yaleyale ya 1-0 kwa 1-0, Juma Kaseja akiwa langoni wakati wa penalti. Usiku ule bado unasimuliwa na watu ambao hawakuwa hata wamezaliwa.

Mara tano katika miaka 50, matokeo yaleyale mawili na mikwaju ileile. Mara moja tumepita. Sitaki kuuita mkosi, kwa sababu mkosi hauna dawa na huu una sababu zinazoonekana kwa macho.

Goli moja la nyumbani humwachia mpinzani mpango rahisi mno. Anachohitaji ni goli moja kwake, na ana dakika 90 za kulitafuta huku wewe ukiwa umefungiwa nyuma unalinda kitu chembamba. Tena klabu kubwa za Afrika hazingoji dakika ya 80. Tazama saa zao. Wydad walisawazisha jumla ya magoli kabla ya nusu saa kupita. Kaizer Chiefs, mwaka 2021, walipata la kwanza dakika ya sita, na mechi ikaisha 4-0. RS Berkane, Mei 2025, walikuwa wameshafunga mawili robo saa ya kwanza haijaisha. Al Ahly waliofika Dar es Salaam Machi 2024 hawakusubiri hata kurudi kwao. Ahmed Nabil Koka alifunga dakika ya nne, na Simba wakakimbiza mchezo ule usiku kucha bila kuupata. Timu hizi huanza mechi kama vile kipenga cha mwanzo ni cha mwisho. Sisi mara nyingi huanza kwa kuusoma mchezo, na tukimaliza kuusoma tunakuta tumeshachelewa.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu uwezo wa waliotutoa. Kaizer Chiefs walifika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka ule. Pirates walifika fainali ya Shirikisho. Wydad walifika fainali. Al Ahly walichukua ubingwa wa 2024, USM Alger na Berkane wakabeba makombe yaleyale waliyotunyima. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepita kwa kubahatisha, na kutolewa na baadhi yao kwa tofauti ya goli moja au kwa penalti ni ushahidi kwamba Simba na Yanga wamekaribia sana. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2024 ilikuwa na klabu nane, na Tanzania ndiyo nchi pekee iliyokuwa na mbili. Misri ilikuwa na moja, Afrika Kusini moja, Tunisia moja. Morocco na Algeria hawakuwa na hata moja. Mtu aliyekuwa akifuatilia mpira wetu miaka ya 2000 asingeamini habari hiyo hata angesomewa redioni. Ndiyo maana inauma zaidi. Anayeishia raundi ya awali hana cha kujiuliza. Sisi tuna mambo mengi ya kujiuliza.

Swali ninalolipa uzito kuliko yote halizungumzwi sana: tunaanzia wapi? Kwa utaratibu wa CAF, kinara wa kundi hucheza marudiano ya robo fainali nyumbani, na aliyeshika nafasi ya pili huanza nyumbani na kumalizia ugenini. Katika mashindano ya CAF tangu 2019, timu zetu zimeingia robo fainali mara tano zikiwa za pili kundini: Simba 2019, 2022 na 2023, kisha Simba na Yanga 2024. Zote tano zilitolewa. Mbaya zaidi, katika mechi tano za kwanza zilizochezwa Dar es Salaam, tulifunga magoli mawili tu kwa ujumla wake, la Kapombe na la Baleke. Na Mazembe ilikuwa 0-0, na Al Ahly 0-1, na Mamelodi Sundowns 0-0. Mechi tano nyumbani, umati kamili, magoli mawili, moja kati yake la penalti.

Zimeingia zikiwa vinara mara tatu. Simba 2021 walifungwa 4-0 na Kaizer Chiefs Johannesburg, wakarudi Dar es Salaam na kushinda 3-0, John Bocco mawili na Chama moja, wakatolewa kwa 4-3. Yanga 2023 walishinda 2-0 Nigeria dhidi ya Rivers United, magoli yote ya Mayele, wakamalizia na 0-0 nyumbani. Simba 2025 walifungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, wakarudi na kushinda 2-0 kwa magoli ya Elie Mpanzu na Steven Mukwala, kisha Moussa Camara akawa shujaa kwenye mikwaju ya penalti. Wawili kati ya watatu walipita, na yule aliyetolewa aliwafanya watu waliokuwa wamekata tamaa wiki nzima wakae kwenye ncha za viti hadi filimbi ya mwisho. Sitadai kwamba robo fainali nane zinatosha kutunga sheria. Nadai kwamba tofauti kati ya sifuri ya tano na mbili ya tatu ni kubwa kiasi cha kumlazimisha kocha yeyote aifikirie.

Sababu yake inaeleweka. Umati wa Dar es Salaam una nguvu kubwa kuliko zote pale timu inapojua kitu gani hasa inakitafuta. Siku ya Kaizer Chiefs Simba walijua wanahitaji manne. Siku ya Al Masry walijua wanahitaji mawili ili wafike penalti. Mchezaji anapoingia na idadi kichwani, anapiga mpira mbele bila kusita, na mashabiki wanaimba kwa kazi iliyo wazi. Katika mechi ya kwanza nyumbani hali ni nyingine kabisa. Dakika ya 50, ubao ukisoma 0-0, kocha anajiuliza: nifungue mchezo nitafute la kwanza, au nilinde nisifungwe goli la ugenini? Beki wa pembeni anapanda nusu na kurudi nusu. Jukwaani sauti zinapungua, watu wanaanza kumlaumu winga. Mpinzani naye, ambaye hiyo 0-0 ameifuata safari ndefu, kipa wake anakaa chini kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo robo fainali huanzia kwenye makundi, hasa kwenye mechi ya tano na ya sita, wakati ambapo wengi wetu tumeshafurahi kwamba "tumefuzu". Mfano bora ni Simba wenyewe, Januari 2025. Waliingia mechi ya mwisho ya kundi wakiwa na pointi 10, CS Constantine ya Algeria wakiwa na 12. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufuzu. Ilikuwa rahisi kupumzisha wachezaji, kulinda miguu kwa ajili ya ligi na kukubali nafasi ya pili. Tena mashabiki hawakuruhusiwa kuingia, kwa sababu CAF ilikuwa imeiadhibu klabu baada ya vurugu za mechi dhidi ya CS Sfaxien. Simba walishinda 2-0, Kibu Denis na Leonel Ateba wakifunga mbele ya viti vitupu, wakawa vinara. Bila ushindi ule, mechi ya Al Masry isingekuwepo kwa namna ilivyokuwa. Naiona kuwa moja ya mechi muhimu zaidi walizocheza msimu ule, na ni watu wachache wanaoikumbuka.

Sasa niseme juu ya usiku wa Pretoria, maana siwezi kuandika habari za mtoano nikaupita. Aprili 5, 2024, Yanga na Sundowns walikuwa 0-0 kwa dakika zote za Dar es Salaam na kwa sehemu kubwa ya mechi ya Loftus Versfeld. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki alipiga shuti la mbali. Mpira ukagonga mwamba wa juu upande wa chini, ukadundia kwenye mstari, au nyuma ya mstari, ukarudi uwanjani. VAR ikatazama. Goli halikutolewa. Mimi ni kati ya wale walioona mpira ule umevuka, na hadi leo sijaonyeshwa picha ya kunibadilisha mawazo. Yanga walilalamika rasmi CAF, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu goli lile lingewapa Sundowns kazi ya kufunga mawili.

Penalti zikaamua, 3-2. Langoni mwa Sundowns alikuwa Ronwen Williams, ambaye miezi miwili kabla, kwenye robo fainali ya AFCON, alikuwa ameokoa mikwaju minne ya Cape Verde. Aziz Ki, Dickson Job na Ibrahim Bacca walikosa. Kumpeleka kijana apige penalti mbele ya kipa wa namna hiyo, kwenye uwanja wa kwake, baada ya dhuluma anayoiamini moyoni, ni kumbebesha mzigo mzito sana. Naumia nikikumbuka jinsi wachezaji wale walivyosemwa wiki ile. Lakini hata nikiwa na hasira zangu zote juu ya VAR, bado narudi Machi 30, Dar es Salaam, 0-0. Goli moja tu pale lingeifanya Pretoria iwe mechi nyingine.

Na hapa inaingia kanuni ya goli la ugenini. UEFA waliifuta mwaka 2021. CAF waliendelea nayo, na mwaka 2023 pekee ilitutoa mara mbili: Yanga kwa USM Alger, kisha Simba kwa Al Ahly kwenye African Football League, 2-2 Dar es Salaam mbele ya Gianni Infantino na Arsène Wenger, 1-1 Cairo. Simba hawakupoteza mechi hata moja kati ya zile mbili. Wapo wanaosema kanuni hii ifutwe Afrika pia. Hoja yao ina nguvu, kwani humfanya mwenyeji aogope kwake mwenyewe. Mimi nasita kidogo, kwa sababu kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoipa Afrika Mashariki mojawapo ya siku zake kubwa kabisa kisoka.

Mwaka 1987 Gor Mahia ya Kenya walifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika dhidi ya Espérance ya Tunis. Miaka minane nyuma, 1979, walikuwa wamefika fainali hiyohiyo na kuaibishwa na Canon Yaoundé ya Cameroon, 8-0 kwa mechi mbili. Safari hii, wakiwa na nahodha Austin Oduor na mfungaji Peter Dawo, walikwenda Tunis wakarudi na 2-2. Magoli mawili, Tunis, dhidi ya Espérance! Nairobi ikawa 1-1, na kombe likabaki Nairobi kwa magoli ya ugenini. Hadi leo Gor Mahia ndiyo klabu pekee ya Kenya, Uganda au Tanzania iliyobeba kombe la CAF la klabu. Wengine walifika fainali wakaishia hapo: Simba ya Uganda 1972, SC Villa 1991 na 1992, Simba ya Dar es Salaam 1993. Hao wa mwisho nao habari yao ni ileile. Walitoka 0-0 Abidjan na Stella, kazi ngumu ikiwa imekwisha, wakafungwa 2-0 Dar es Salaam, Taifa zima likiwa limejiandaa kusherehekea. Waliokuwepo uwanjani siku ile wanakuambia kwamba njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu.

Tofauti ya Gor Mahia na sisi ni kwamba walifunga ugenini. Katika zile ngazi tisa tulizotolewa tangu 2019, mechi zetu tisa za ugenini zilizalisha magoli matatu: la Emmanuel Okwi Lubumbashi, la Shabani Algiers, la Sadio Kanouté Cairo. Timu isiyofunga ugenini na inayofunga moja nyumbani inajiweka mikononi mwa penalti kila mara, na tumeona penalti zinavyotutendea.

Mazembe wanalijua hili kwa undani. Mji wao, Lubumbashi, ni wa Kiswahili kama ulivyo wa Kifaransa, na mwaka 2015 Mtanzania Mbwana Samatta, waliyemchukua kutoka Simba mwaka 2011, aliwasaidia kubeba Ligi ya Mabingwa ya tano. Fainali ilikuwa dhidi ya USM Alger haohao waliokuja kututoa miaka minane baadaye. Mazembe hawakwenda Algiers kujilinda. Walishinda kulekule 2-1, Rainford Kalaba na Samatta, kisha wakamaliza kazi 2-0 nyumbani, Samatta tena na Roger Assalé. Samatta alimaliza akiwa miongoni mwa vinara wa mabao kwa mabao saba, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Alionyesha kwamba kijana aliyekulia Mbagala anaweza kwenda Algeria akafunga kwenye fainali bila kutetemeka. Kinachotakiwa ni timu iliyompeleka pale kwa nia ya kufunga.

Yanga wa 2023 walikuwa na nia hiyo, na ndiyo sababu walifika mbali. Nasreddine Nabi alikwenda Nigeria akashinda 2-0. Kwenye nusu fainali aliwafunga Marumo Gallants 2-0 Dar es Salaam kwa magoli ya Aziz Ki na Bernard Morrison, kisha akaenda Afrika Kusini akashinda tena 2-1. Hakulinda, ingawa alikuwa na mawili ya kulinda. Mayele alimaliza mashindano yale na magoli saba. Simba wa Fadlu Davids, miaka miwili baadaye, walikuwa timu ya namna nyingine: waliwatoa Stellenbosch kwa goli moja la mpira wa adhabu la Jean Charles Ahoua pale Amaan, Zanzibar, wakaenda Durban wakalilinda hadi mwisho kwa 0-0. Ni mara moja tu tangu 2019 ambapo 1-0 ya nyumbani imetuvusha. Walistahili pongezi, na nilifurahi kama kila mtu. Berkane ndio waliotukumbusha kwamba njia hiyo haifiki mwisho. Fainali ya marudiano Mei 25, nayo ikiwa Amaan baada ya CAF kuuondoa Uwanja wa Mkapa, Joshua Mutale alifunga mapema na Zanzibar ikawaka. Yusuf Kagoma akapewa kadi nyekundu. Mukwala akafunga, VAR ikasema ameotea. Dakika za nyongeza Soumaïla Sidibé akasawazisha. 3-1 kwa jumla. Wachezaji kumi wa Simba walikuwa bado wanashambulia, na ushujaa wao sina neno nao. Ila yale mawili ya Morocco, ya robo saa ya kwanza, ndiyo yaliyokuwa yameamua.

Fedha nazo zisisahaulike, kwa kuwa mtoano ndiko ziliko. Mwaka 2023 CAF ilipandisha zawadi ya bingwa wa Ligi ya Mabingwa hadi dola milioni 4, na ya bingwa wa Shirikisho hadi dola milioni 2. Serikali nayo iliingia, Rais Samia Suluhu Hassan akitoa shilingi milioni 5 kwa kila goli kabla ya kiasi hicho kupanda kadiri timu zilivyosonga. Ilikuwa hamasa nzuri. Ningependa siku moja goli la ugenini la mtoano lithaminiwe mara mbili ya la nyumbani, kwa sababu ndilo adimu zaidi kwetu na ndilo linalobadilisha maisha ya klabu.

Pindi makundi yajayo yatakapofika mechi ya tano, na mmoja wa wakubwa wetu akawa amekwisha kufuzu, kutakuwa na ratiba ya ligi inayobana, kutakuwa na mechi ya watani karibu, na kutakuwa na sauti zinazosema wapumzishwe Diarra na wenzake, wapewe nafasi chipukizi. Mimi naomba wapangwe wote walio wazima. Itafutwe nafasi ya kwanza kwa nguvu zote, hata kama mechi ni ugenini na hata kama tayari tuko robo fainali. Kocha atakayekosa nafasi hiyo na kulazimika kuanzia Dar es Salaam aambiwe na uongozi, mapema na kwa maandishi, kwamba hatalaumiwa akifungwa 2-1 akitafuta la pili na la tatu. Lawama ziwekwe kwa yule atakayefunga moja dakika ya 30, akamtoa mshambuliaji dakika ya 65, akaingiza kiungo wa kukaba, na kupanda ndege ya Casablanca na goli moja mkononi.